Tuingie Uzeeni kwa Mlango

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa Longonot, Kaunti ya Nakuru



Nina umri wa miaka 57. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na imebaki mitatu nistaafu. Mliponialika nizungumze juu ya uzee nilidhani mmemwalika mwalimu. Nilipoketi kuandika ndipo nilipotambua kwamba mmemwalika mtu mwenye hofu. Basi nitaanza na hofu yangu mwenyewe, kwa kuwa sina haki ya kufunua za wenzangu huku yangu nimeifunika.

Mimi ni mtoto wa pili wa kiume. Kwa desturi ya Wakikuyu, wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo mama yangu aliniita "baba" tangu nikiwa mchanga. Alinibembeleza akisema baba nyamaza, na alishika kiboko akisema baba leo utanitambua. Nilizoea hivyo hata sikulisikia tena neno lenyewe. Mwaka wa mwisho wa maisha yake nilimtembelea jioni moja. Akanitazama, akaniuliza, "Baba, mbuzi wamerudi?" Boma letu lilikuwa halijaona mbuzi kwa miaka ishirini. Kabla sijamweleza hivyo niliyaona macho yake: yalikuwa macho ya msichana anayeogopa kukemewa. Nikaelewa kwamba siku ile hakuwa akinienzi kwa jina la baba yake. Alikuwa akizungumza na baba yake.

Tangu jioni hiyo, nikisimama darasani na jina la mwanafunzi likanipotea ulimini, moyo hunipiga. Hiyo ndiyo hofu yangu ya kwanza. Ya pili nimeipata mwaka huu huu, hapa hapa Longonot. Kila mwaka nimekuwa nikiwapandisha wanafunzi mlimani. Mlima huu una mita 2,776, na njia ya kuuzunguka ukingo wa shimo lake ni zaidi ya kilomita 7. Wanaoupanda wanajua kwamba kupanda huchosha pumzi, lakini kuteremka ndiko kunakoadhibu goti. Safari hii kijana mmoja, mwenye adabu njema kabisa, alinijia langoni akaniambia, "Mwalimu, wewe utungoje hapa, utusaidie kulinda mabegi." Nikabaki. Nililinda mabegi kwa saa tano, na nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri.

Nililofikiri ndilo nililowaletea leo. Watu wa zamani katika bonde hili waliingia uzeeni kwa mlango. Palikuwa na siku inayojulikana, palikuwa na mashahidi, na ndani palikuwa na kazi inayomngoja anayeingia. Sisi tunaingia kwa dirisha, kila mtu peke yake, usiku, tukiomba tusionekane. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya hofu zetu inatokana na dirisha hilo, na kwamba mlango unaweza kujengwa tena.

Mlango wa zamani

Jina la mlima wetu ni la Kimaasai, basi tuanze na Wamaasai. Mwanamume wa Kimaasai hupita hatua tatu mbele ya umma: Enkipaata, inayomtayarisha kijana kwa jando, Eunoto, inayomwanzisha morani safari ya utu uzima, na Olng'esherr, sherehe ya kula nyama inayofunga umorani na kufungua uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe hizo tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Miaka miwili baadaye, Septemba 2020, maelfu ya wanaume walikusanyika katika vilima vya Maparasha, Kajiado, kwa Olng'esherr. Walifika wakiwa wamorani, wakaondoka wakiwa wazee. Hakuna aliyelazimika kubahatisha kama umri umemfikia. Aliambiwa, akalishwa, akakabidhiwa wajibu.

Kwa Wakikuyu, mtu alipanda ngazi za kiama, yaani baraza la wazee, kwa mbuzi, na kila mbuzi alimpa nafasi mpya ya kusikilizwa katika kesi na mashauri. Kwa ndugu zetu Wakalenjin, majina ya marika huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, kisha jina la kwanza hurudi tena kwa wajukuu wa wajukuu. Mzee wa rika alikuwa akijua kwamba jina la rika lake litazikwa kwa muda tu.

Sikusudii kupaka sukari mambo ya kale. Mlango ule ulikuwa mpana kwa wanaume na mwembamba kwa wanawake. Mzee asiye na mtoto wala mbuzi angeweza kuketi nje ya ua hadi mwisho wake. Wako pia wazee waliolitumia baraza kuwanyima vijana ardhi na wasichana uhuru. Ninachokililia ni kitu kimoja tu katika mambo hayo yote: jamii ilisimama mahali fulani ikamwambia mtu, "Umefika. Tulikungoja. Kazi yako ndiyo hii."

Dirisha letu

Sasa tazameni upande wa ziwa. Tangu miaka ya 1970 mashamba ya maua yamekuwa yakiongezeka kulizunguka Ziwa Naivasha. Wasichana na wavulana walikuja kutoka Nyanza, kutoka Magharibi, kutoka Kisii na Ukambani, wakapanga vyumba Karagita, Kwa Muhia na Kasarani, wakasema ni kwa miaka miwili tu, nikusanye pesa nirudi nyumbani. Msichana aliyefika akiwa na miaka 20 mwaka 1990 amevuka 55. Amekata waridi, ameyapanga kwa urefu, ameyafunga mashada, amesimama katika baridi ya chumba cha kuhifadhia maua wakati wa pilikapilika za Siku ya Wapendanao, Februari. Mikono na mgongo ndiyo iliyokuwa hati yake ya kazi. Mikono ikianza kufa ganzi, hakuna sherehe. Mkataba huisha tu, ukakosa kufanywa upya.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini. Nimeisomesha methali hiyo miaka yote, na kila mwaka inanisumbua zaidi. Je, zizi likiwa limegawanywa na kaka, kila mmoja na robo eka yake? Je, mwenye mguu uliovunjika akiwa mwanamke aliyeachana na mumewe, ambaye kwa wazazi anaambiwa aliolewa na kwa mume anaambiwa aliondoka? Je, zizi likiwa limechomwa? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilizofurushwa na ghasia kaskazini mwa bonde zilitua Mai Mahiu. Wengine walichanga pesa kidogo kidogo wakanunua ardhi pamoja, wakaanza maisha kwenye vumbi. Aliyefika akiwa na miaka 45 sasa amepita 60. Alipokuwa angali na nguvu za kujenga uzee wake, alikuwa akiishi hemani.

Tuseme na habari ya pesa waziwazi, maana ndiyo hofu inayotajwa kwanza kila ninapouliza. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulianzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi, hadi sheria mpya ilipoanza kutekelezwa Februari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza 200. Fanyeni hesabu pamoja nami: shilingi 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka. Miaka ishirini ya kuamka saa kumi usiku ni shilingi 96,000, kabla ya kuongeza riba. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba ya uzeeni ya mtu aliyeandikwa kazi kihalali. Mama mboga, mchimba mchanga na mtu wa boda boda wengi wao hawakuwa hata na hiyo.

Kisha iko "pesa za wazee", mpango wa Inua Jamii. Tangu 2018 umewalenga Wakenya wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Nimeona mabibi wakizipokea kwa machozi ya shukrani, na siwezi kudharau pesa ambayo mtu ameilipia shukrani. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema mzee ni mtu aliyezidi miaka 60. Utumishi wa umma unamstaafisha mtu akiwa na 60. Mkono wa serikali unamfikia akiwa na 70. Ndugu zangu, kuna miaka kumi hapo katikati. Sheria imekuita mzee, kazi imekuaga, na msaada haujakufikia. Hilo ndilo dirisha lenyewe, na wengi hunasa humo, nusu ndani, nusu nje.

Kuwa mzigo

Ukimdodosa mtu vizuri, nyuma ya hofu ya pesa utakuta nyingine: "Sitaki kuwasumbua watoto." Nimeisikia kutoka kwa mwenye gari na kutoka kwa asiye na viatu. Wazazi wetu hawakuwa na msemo huo. Wao walitarajia kutunzwa kama vile mtu anavyotarajia mvua za masika, na mtoto aliyekataa alijua analaaniwa na nani. Kizazi changu kimesimama kwenye daraja. Tuliwatunza wazazi wetu kwa mshahara mmoja uliogawanywa kwa karo, hospitali na harambee, tukaona uzito wake, tukaapa kimoyomoyo kwamba wanetu hawataubeba. Lakini hatukujenga kingine mahali pake. Tumekata tawi kabla ya kuteremka.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na serikali. Angalieni mpangilio wake. Kushiriki kumetangulia, matunzo yamekuja mwisho. Walioandika maneno hayo walielewa kwamba mtu asiyeshirikishwa, hata ukimlisha nyama kila siku, amekwisha kuzikwa nusu.

Hofu ya akili

Nirudi kwa mama. Ugonjwa wake madaktari huuita dimensia. Vijijini tunasema "amerudia utoto", na mahali pengine, Mungu atusamehe, watu husema "ni mchawi". Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, umati uliwaua wanawake wanne wazee kwa tuhuma za uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na mgogoro wa shamba, hata ikabidi Kaya Godoma, kule Ganze, pawe kimbilio lao. Mwanamke anayetangatanga usiku, anayezungumza na watu wasioonekana, anayesahau jina la mkwewe, anahitaji mkono wa kumrudisha ndani. Kuna mahali katika nchi hii ambapo mvi zake zinaweza kumwua. Nimemtazama mama yangu katika hali hiyo hiyo, na nalisema jambo hili kwa uchungu wote nilio nao: ujinga wetu juu ya uzee umekwisha kumwaga damu.

Na ujinga una dawa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililochapisha ripoti katika jarida la Lancet lilihesabu mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa katika maisha yote, yangeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani. Mengine tunayajua: presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi. Mengine yalinishangaza: kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kukosa elimu utotoni, na upweke. Mama yangu hakusikia vizuri kwa miaka kumi. Tulilichukulia kama jambo la kawaida la uzee. Tulizoea kupaza sauti, kisha tukachoka kupaza sauti, kisha tukazungumza sisi kwa sisi yeye akiwa katikati yetu. Siwezi kusema hilo ndilo lililomwondolea kumbukumbu. Najua tu kwamba hatukumpeleka kupimwa masikio, na kwamba tulimwacha peke yake ndani ya chumba kilichojaa watu.

Tunachotarajia

Nimezungumza sana juu ya hofu. Sasa matarajio, kwa sababu hayo nayo yana nguvu mwilini. Mwaka 2002 mtafiti Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 660 wa mji mdogo wa Oxford, katika jimbo la Ohio, Marekani. Watu hao walikuwa wameulizwa, wakiwa na miaka 50 na zaidi, wanauonaje uzee wao wenyewe. Waliouona kwa jicho jema waliishi, kwa wastani, miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa jicho baya, hata baada ya watafiti kuzingatia afya, umri na hali ya uchumi. Utafiti mmoja hauwi sheria ya dunia, na Ohio si Longonot. Lakini nauliza: mtoto wa Longonot anauonaje uzee wake? Anaona nini anapomtazama mzee? Kama anachoona ni mtu anayelinda mabegi, basi hicho ndicho anachojiandalia.

Katika eneo hili la Bonde la Ufa tumeona mengine pia. Januari 2004 Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa sare akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka mmoja tu baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure. Mwaka 2005 alihutubia Umoja wa Mataifa. Sehemu ya hadithi yake tunayoisahau ni mwisho wake. Ghasia za 2008 zilimng'oa alikokuwa, akaishia katika nyumba ya wazee Nairobi, na akiwa huko akajiandikisha shule tena. Alifariki Agosti 2009. Dunia ilimpigia makofi, lakini nyumba yake haikusalimika. Makofi hayamtunzi mzee.

Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi, alikuwa mkunga. Mwaka 2010, akikaribia miaka 90, alijiunga na shule ya msingi ya kijijini kwake. Baadhi ya wanafunzi wenzake aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Walimwita Gogo, yaani nyanya. Alisoma pamoja nao, na wao wakapata kwake hadithi na mila. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, angali mwanafunzi. Nimemfikiria sana mama huyo nikiwa pale langoni. Hakungoja mtu amfanyie sherehe. Aliingia kwa mlango wa shule, mchana kweupe, akaketi, na kijiji kikalazimika kumtengenezea nafasi.

Kujenga mlango

Basi tufanyeje? Nitasema ninayoweza kuyafanya mwenyewe kwanza.

Nitakapofika 60 nitawaita wanangu, ndugu zangu na majirani wawili. Tutakula mbuzi. Nitawaambia mbele ya mashahidi nina nini, nadaiwa nini, shamba ligawanyweje, na nikipoteza akili ni nani ashike kadi yangu ya benki na ni nani anishike mkono. Nitaiandika na kuitia sahihi. Najua kwetu kuzungumza hivyo huonekana kama kukiita kifo. Nimehudhuria mazishi mengi ambako ugomvi ulianza kabla udongo haujakauka, na nawaambieni, kifo huja bila kuitwa. Ugomvi ndio tunaoualika kwa kunyamaza.

Vyama vyetu vya akina mama tayari vinajua kuzungusha pesa za masufuria, za karo na za mazishi. Naomba kila chama kiongeze mfuko mmoja usiozungushwa, wa wanachama wanaovuka 60, kwa ajili ya ile miaka kumi ya katikati. Makanisa yetu yana siku ya vijana na siku ya akina mama. Yaweke siku moja kila mwezi ambapo nesi atapima presha, sukari, macho na masikio. Shule zetu zimpe kila mzee aliye tayari alasiri moja ya darasa: mfugaji afundishe habari za ng'ombe, fundi afundishe randa, bibi afundishe hadithi. Na tuwaombe wenye mashamba ya maua, bila matusi lakini bila kuchoka, wasimwage mtu wa miaka 50 kwa barua. Mikono yake imechoka, lakini macho yake yanajua ua lipi litafika Ulaya likiwa hai. Wamfanye mwalimu wa hao wanaoingia.

Kwa serikali nina ombi moja fupi. Katiba imeshasema mzee ni aliyezidi 60. Pesa za wazee ziielekee Katiba, hata kama ni kwa kushuka mwaka mmoja mmoja.

Nanyi vijana mliosimama kule nyuma. Yule kijana aliyeniambia nilinde mabegi alinipenda. Alilihurumia goti langu. Safari ijayo naomba aniulize kwanza, "Mwalimu, unataka kufika wapi?" Huenda nikataka kufika kwenye kibanda cha kwanza tu, nikae, niwaeleze wanaopumzika jina la mlima ni la nani na moto wake ulizimaje. Hiyo pia ni kazi ya mlimani.

Jioni ile mama aliponiuliza kuhusu mbuzi, nilikosea. Nilimweleza ukweli: mama, mbuzi tuliuza zamani. Alijikunyata kitini kama mtoto aliyepoteza mifugo ya baba yake, na hakula. Nililala vibaya. Kesho yake aliuliza tena, nami nikavuta kiti, nikamshika mkono, nikasema, "Wamerudi wote. Nimewahesabu." Akacheka. Akaniambia nifunge lango vizuri, kisha akala. Tangu siku hiyo hadi alipotuacha nilihesabu mbuzi kila jioni, na sikumwona tena akiogopa.

Mwaka jana kitinda mimba wangu alipata mtoto wake wa kwanza wa kiume. Kwa desturi yetu amepewa jina langu, na mke wangu anapombeba humwita "mume wangu". Nikimtazama, hofu yangu haiondoki yote, lakini inapata mahali pa kuketi. Siku moja huenda nikamwita mvulana huyo kwa jina la mwanafunzi wangu wa 1995, nikamuuliza kama kengele imelia. Simtarajii anitajirishe. Natarajia awe amekulia mahali ambapo watu wanajua kumjibu mzee: avute kiti, anishike mkono, aniambie bado, mwalimu, bado una dakika chache.